Kumsoma Kamba Mbali na Bahari: Mwongozo kwa Walimu, Wanafunzi na Wapishi wa Songwe

Kamba ni mnyama wa majini asiye na mfupa hata mmoja. Kinachomshikilia ni gamba lililomzunguka kwa nje. Mwili wake umegawanyika sehemu mbili: mbele, kichwa kilichoungana na kifua, nyuma, fumbatio refu lenye pingili, ambalo sokoni huitwa mkia. Yumo katika faila ya Arthropoda pamoja na nzige, buibui, tandu na kupe. Ndani ya faila hiyo yumo katika kundi la Crustacea pamoja na kaa, na ndani ya kundi hilo katika oda ya Decapoda, jina lililotokana na Kigiriki lenye maana ya miguu kumi.

Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, hauna bahari. Maji yake ni Ziwa Rukwa upande wa kaskazini, Mto Momba, na mito miwili yenye jina moja la Songwe: mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine hupita mpakani mwa Ileje na Malawi ukaishia Ziwa Nyasa. Kamba wa baharini hawezi kufika Tunduma ila kwa safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, akiwa ameganda au amekaushwa. Mtoto wa Mafia au wa delta ya Rufiji humjua kamba kwa kumshika akiwa hai. Mwanafunzi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo hukutana naye kwenye mchoro wa kitabu, akakariri majina ya viungo ambavyo hajawahi kuvigusa, na aliyekariri hivyo husahau mtihani ukiisha. Hali hiyo haina ulazima. Kamba mmoja mwenye kichwa, aliyeyeyushwa vizuri, anatosha kwa somo zima la umbile, na vifaa vinavyotakiwa ni sinia, wembe mpya, kibano cha nyusi, sindano, karatasi nyeupe na, ikipatikana, lenzi ya mkono.

Kumpata na kumwandaa

Sharti la kwanza ni kichwa. Kamba wengi wa kugandishwa huuzwa bila kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachooza mapema. Anayeagiza kwa ajili ya darasa hana budi kutaja wazi kwamba anataka kamba mzima. Kamba mzuri ana gamba linalong'aa na kushikamana na nyama, kichwa kisicholegea kwenye kiungo chake na mkia, na harufu ya bahari isiyochoma pua. Harufu ya amonia, ile inayofanana na ya mkojo uliolala, ni dalili kwamba ameharibika. Madoa meusi kwenye gamba ni habari nyingine, nayo yataelezwa mbele.

Kamba aliyeganda huyeyushwa akiwa ndani ya mfuko, kwenye maji baridi, kwa muda wa nusu saa hivi, au huachwa usiku kucha sehemu ya chini ya friji. Maji ya moto hayafai kabisa: protini za mwili huganda kama ute wa yai, rangi hubadilika, na viungo vya ndani hugeuka uji. Kwa shule isiyo na umeme njia iliyobaki ni uduvi mkavu. Ukilowekwa katika maji ya vuguvugu hulainika kiasi cha kuhesabika viungo kwa lenzi, ingawa ndani yake hakuna cha kuona.

Uduvi lakini una tahadhari yake. Hilo ni jina la jumla la kamba wadogo wa kukaushwa, na humo huchanganyika vitoto vya kamba wakubwa na kamba wa jenasi ya Acetes, ambao hubaki wadogo maisha yao yote. Acetes amepoteza jozi mbili za mwisho za miguu ya kutembelea. Mwanafunzi atakayehesabu jozi tatu badala ya tano hajakosea, wala kitabu hakijakosea. Yule ni mwana wa oda ya miguu kumi aliyebaki na sita. Mwalimu asiyelijua hili anaweza kumkosesha alama mtoto aliyehesabu kwa macho yake mwenyewe.

Umbile la nje

Kamba hulazwa kwa ubavu, kichwa kikiwa upande wa kushoto wa mtazamaji, kama desturi ya michoro ilivyo. Sehemu ya mbele imefunikwa na bamba moja lisilo na mgawanyo, linaloshuka ubavuni pande zote mbili kama tandiko mgongoni mwa punda. Mbele kabisa bamba hilo hutokeza mwiba mrefu wenye meno kama ya msumeno. Mwiba huo ni silaha, na kwa msomaji ni kitambulisho pia, kwa kuwa idadi na mpangilio wa meno yake hutofautiana kati ya jamii na jamii.

Chini ya mwiba yako macho mawili, kila moja juu ya kikonyo kinachozunguka. Jicho la kamba limeundwa na vijicho vingi mno vilivyopangwa pamoja. Vijicho vya nzi au nyuki vina pande sita, kama matundu ya sega la asali. Vya kamba ni mraba. Tofauti hiyo ina kazi. Kuta za kila kijicho mraba hufanya kazi kama vioo vidogo, zikielekeza mwanga kutoka vijicho vingi ukutane mahali pamoja, na hivyo kamba huona katika maji yenye giza au tope ambamo mwanga ni haba.

Fumbatio lina pingili sita zilizounganishwa kwa ngozi laini, na baada ya pingili ya sita lipo bamba lenye ncha kali, ambalo halihesabiwi kuwa pingili. Njia ya haja hufunguka chini ya bamba hilo. Kwa jumla mwili una pingili 19: tano za kichwa, nane za kifua, sita za fumbatio. Pingili za mbele zimeungana zisionekane, lakini kila moja imeacha ushahidi, nao ni jozi yake ya viungo. Hapa ndipo penye moyo wa somo la kamba. Jozi zote 19 za viungo zilitokana na muundo mmoja, kishina chenye matawi mawili, kisha kila jozi ikachukua kazi yake: kupapasa, kutafuna, kushika, kutembea, kuogelea, kupiga kasia. Ni vigumu kupata mnyama mwingine wa bei ya sokoni anayelionesha jambo hili waziwazi kiasi hicho.

Njia bora ya kuliona ni kuving'oa viungo vya upande mmoja na kuvipanga kwenye karatasi nyeupe. Kazi huanzia nyuma kwenda mbele, maana vya nyuma vimeachana na vya mdomoni vimesongamana. Kibano hushika kiungo kwenye shina kabisa, kisha huvutwa kwa kuzungusha kidogo. Kinachovutwa kwa pupa hukatika katikati.

Jozi ya 19 ni mapezi mapana yaliyo kando ya bamba la mwisho. Yakikunjuliwa pamoja nalo hufanya kama kipepeo cha jikoni. Kuanzia ya 18 kurudi hadi ya 14 ni miguu mitano ya kuogelea, iliyo laini na yenye nywele pembezoni. Kamba anapokwenda mbele taratibu, hiyo ndiyo inayomsukuma. Kisha inakuja miguu mitano ya kutembelea, ya 13 hadi ya 9, ambayo ndiyo iliyompa jina la miguu kumi. Katika kamba wa jamii ya Penaeus, mitatu ya mbele huishia kwa vikoleo vidogo vya kudonolea chakula, na miwili ya nyuma huishia kwa ncha.

Mbele ya hiyo ziko jozi tatu za miguu-taya, ya 8 hadi ya 6, zinazoshikilia chakula na kukipeleka mdomoni, halafu jozi mbili za vitaya vyembamba kama majani, ya 5 na ya 4. Kiungo cha kutazamwa kwa makini hapa ni kitaya cha nyuma, jozi ya 5. Upande wake wa nje kuna kijibamba laini kama kijiko. Kamba akiwa hai, kijibamba hicho hupiga bila kukoma na kuvuta maji yapite juu ya matamvua. Kikisimama, kamba hukosa hewa. Jozi ya 3 ni taya zenyewe, ngumu kama jino, na mara nyingi ndizo pekee zinazosikika zikigonga sinia zinapoanguka. Jozi ya 2 ni papasi ndefu, ambazo kwa kamba mkubwa huuzidi urefu wa mwili. Jozi ya 1, iliyo juu ya papasi ndefu, ni papasi fupi zenye ncha mbilimbili. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu wapo wanaoyahesabu macho kuwa jozi ya kwanza, na kwao kila jozi nyingine husogea nafasi moja. Vitabu vingi huyaacha macho nje ya hesabu, papasi fupi zikawa jozi ya 1 na papasi ndefu ya 2. Kwa hesabu hiyo taya huwa jozi ya 3, na vitaya viwili ya 4 na ya 5. Mwongozo huu unafuata hesabu hiyo isiyojumlisha macho, kwa kuwa ndiyo inayotoa 19 kamili.

Katika shina la papasi fupi kimejificha kiungo cha mizani: kijishimo chenye vinyweleo ndani, ambamo jamii nyingi za kamba huweka chembe za mchanga. Chembe hizo hulalia vinyweleo vya upande wa chini, na kamba akapata kujua ipi juu ipi chini hata gizani. Kila anapojivua gamba hupoteza mchanga huo, kisha huokota mwingine. Mwaka 1893 mwanafiziolojia Alois Kreidl wa Vienna aliwaweka kamba waliotoka kujivua katika maji yenye unga wa chuma badala ya mchanga. Waliuokota unga ule wakajitia. Sumaku iliposogezwa juu yao, waligeuka wakaogelea matumbo juu, kwa kuwa vinyweleo viliwaambia kwamba chini kuko juu.

Kuwatofautisha kamba

Kitambulisho cha kwanza ni mwiba wa kichwani. Ukiwa na meno juu na chini, kamba ni wa kundi la Penaeus. Ukiwa na meno juu tu, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni Metapenaeus. Katika uvuvi wa Tanzania kamba mweupe, Penaeus indicus, ndiye anayeongoza kwa wingi. Kamba mkubwa mwenye mistari ya giza na nyeupe mwilini ni Penaeus monodon, na Metapenaeus monoceros naye huvuliwa.

Kitambulisho cha pili ni pingili ya pili ya fumbatio. Kwa kamba hawa wa baharini, magamba ya ubavuni hulaliana kama vigae vya paa, la mbele juu ya la nyuma. Kwa kundi jingine, linaloitwa Caridea, gamba la pingili ya pili ni pana na hulalia la kwanza na la tatu kwa pamoja. Wana wa Caridea wana vikoleo kwenye jozi mbili za kwanza za miguu badala ya tatu, na jike hubeba mayai chini ya tumbo. Kamba wa maziwa makuu ya Afrika Mashariki ni wa kundi hili. Ziwa Victoria lina Caridina nilotica, aliyeongezeka sana baada ya sangara kuwamaliza samaki wadogo waliokuwa wakimla. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi kumi za kamba wadogo wasiopatikana popote pengine duniani, wakiwemo wa jenasi ya Limnocaridina. Mlaji wa Tunduma hajawaona, lakini huenda ameshakula samaki aliyewala: katika sehemu ya kusini ya ziwa hilo, kamba hao ni sehemu kubwa ya mlo wa mgebuka.

Kumfungua

Wembe huanza ubavuni. Bamba la upande mmoja hukatwa kuanzia ukingo wa nyuma kuelekea jicho, kisha huinuliwa kama mlango. Chini yake yako matamvua, meupe au ya kijivu, yaliyopangwa juu ya mashina ya miguu. Tamvua moja likielea ndani ya kisosi cha maji huonekana likiwa na shina, matawi na vijitawi kama mti. Kwa Caridea matamvua ni kama kurasa za kitabu. Chemba hii si ndani ya mwili hasa: ni uchochoro uliofunikwa na bamba, wenye mlango nyuma na mbele, na maji hupita humo kwa nguvu ya kile kijibamba cha kitaya.

Baada ya hapo kamba hugeuzwa kifudifudi na bamba lote la mgongoni huondolewa. Nyuma kidogo, karibu na kiungo cha mkia, kuna moyo: kijifuko cheupe ambacho kwa kamba wa kugandishwa mara nyingi huwa kimesinyaa, na asiyekiona asikate tamaa. Damu hutoka moyoni kwa mishipa, kisha humwagika katika nafasi zilizo kati ya viungo na kurudi moyoni kupitia vitundu vidogo. Haina wekundu. Kinachobeba oksijeni ndani yake ni hemosianini, protini yenye shaba, ambayo huwa na rangi ya samawati ikibeba oksijeni na hufifia ikiiachilia. Kwa mwanadamu kazi hiyo hufanywa na chuma.

Sehemu kubwa ya kichwa imejazwa na tezi laini ya kahawia au ya machungwa. Tezi hii hutengeneza vimeng'enya, hufyonza chakula na huhifadhi mafuta, yaani hufanya kazi ambazo kwa binadamu zimegawanywa kati ya ini, kongosho na utumbo. Wapishi wengi hudhani ni ubongo au uchafu. Mbele yake kuna tumbo lenyewe, mfuko unaofaa kupasuliwa kwa ncha ya sindano, kwa sababu ndani yake kuna kinu: meno magumu yanayosaga chakula ambacho taya zimekwisha kukikata. Meno hayo ni ya dutu ileile ya gamba, na kila gamba linapovuliwa yenyewe huvuliwa pamoja nalo.

Kutoka tumboni utumbo hupita chini ya mgongo moja kwa moja hadi mwisho wa mkia. Huo ndio uzi mweusi ambao wapishi huuita mshipa. Si mshipa wa damu. Weusi wake ni tope na mabaki ya chakula, na kamba aliyekaa na njaa huwa nao mweupe, karibu usionekane. Kwa jike aliyekomaa kuna jambo la kuongeza: juu ya utumbo, kuanzia kichwani hadi mkiani, hulala mifuko ya mayai, ambayo kwa kamba mweupe huiva ikawa ya kijani cha zeituni na kuonekana hata kupitia gamba. Watu huitupa wakidhani imeoza. Ni mayai mazima.

Nyama ya mkia ikitenganishwa kwa uangalifu huonesha mafungu mawili. Fungu jembamba la juu hunyoosha mkia. Fungu nene la chini huukunja. Tofauti ya unene inaeleza maisha ya mnyama huyu: akitishwa, hukunja mkia kwa ghafla na kuruka kinyumenyume, na kile mtu anachokula ni msuli wa kukimbilia. Chini ya nyama hiyo, katikati ya upande wa tumbo, kuna uzi mweupe wenye vifundo, kifundo kimoja kwa kila pingili. Huo ndio mshipa wa fahamu. Binadamu huubeba mgongoni na kamba tumboni, ilhali moyo wa kamba uko mgongoni. Mkojo hutoka kwa tezi mbili zilizo kwenye mashina ya papasi ndefu, ingawa amonia nyingi hutokea kwenye matamvua.

Kujivua gamba

Gamba ni kitini kilichoimarishwa kwa kalisi kaboneti. Halikui. Kwa hiyo kamba hukua kwa ngazi: hutengeneza gamba jipya laini chini ya la zamani, la zamani hupasuka kwenye kiungo cha kichwa na mkia, naye huchomoka kwa mikupuo, akiacha nyuma umbo lake zima pamoja na ngozi ya macho, kinu cha tumbo na kitambaa cha utumbo wa nyuma. Kisha hufyonza maji na kutanuka kabla gamba jipya halijakakamaa. Vitoto hufanya hivyo kila baada ya siku chache, wakubwa baada ya wiki kadhaa. Katika saa hizo za ulaini hujificha, kwa kuwa hata wenzake humla.

Homoni zinazozuia kujivua na kukomaa kwa mayai hutoka ndani ya vikonyo vya macho. Ndiyo sababu wafugaji wa kamba katika nchi nyingi walizoea kukata au kubana kikonyo cha jicho moja la jike ili atage haraka. Desturi hiyo humtesa mnyama na hudhoofisha majike, na wafugaji wanaoiacha wanastahili kufuatwa.

Maisha yake, kutoka bahari hadi mikoko

Dume la Penaeus hutambulika kwa viungo viwili vilivyounganishwa katikati ya miguu ya kwanza ya kuogelea, na jike kwa bamba lililo kati ya miguu ya mwisho ya kutembelea. Kwa kamba mweupe, kujamiiana hufanyika jike akiwa ametoka kujivua. Baadaye hutaga mamia ya maelfu ya mayai moja kwa moja kwenye maji ya bahari, wala hayaangalii tena.

Mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Anayetoka hafanani na kamba: ni kidudu kidogo mno chenye jozi tatu za viungo na jicho moja katikati, kinachoishi kwa kiini cha yai. Hupita hatua tatu za lava, nauplio, zoea na misisi, kila moja ikigawanyika kwa kujivua mara kadhaa, na baada ya wiki mbili hadi tatu huwa kijikamba kamili. Hapo mawimbi na kupwa na kujaa kwa maji humsogeza kwenye midomo ya mito. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, ndiyo malezi makuu ya kamba wa Tanzania. Katikati ya mizizi ya mikoko kijikamba hupata chakula cha majani yaliyooza na maficho dhidi ya samaki. Baada ya miezi michache, hasa mafuriko ya mvua yanapopunguza chumvi, hurudi baharini kutaga. Wengi hawafikishi miaka miwili. Mkoko unapokatwa, kamba hukosekana baharini, hata kama hakuna wavu uliotupwa.

Kutoka sinia ya darasa hadi sufuria

Anayeijua tezi ya kichwani anajua kwa nini kamba mwenye kichwa huharibika mapema: vimeng'enya vyake haviachi kazi mnyama anapokufa, huanza kuimeng'enya nyama ya jirani, na nyama ikawa laini kama uji kuanzia shingoni. Barafu hupunguza kasi ya vimeng'enya hivyo lakini haivisimamishi kabisa. Aliyepokea kamba wa kuyeyuka na hana nia ya kusoma, aondoe vichwa mara moja. Kamba aliyeyeyuka asigandishwe tena.

Madoa meusi hutokana na kimeng'enya kilekile kinachofanya tufaa lililokatwa liwe kahawia. Ni dalili ya umri na ya kuguswa na hewa, nayo peke yake haidhuru. Kinachoamua ni harufu na uimara wa nyama. Wekundu wa kamba aliyepikwa nao una maelezo. Rangi nyekundu, astazanthini, ilikuwemo tangu mwanzo, ila imefungwa na protini inayoifanya ionekane ya kijivu au samawati. Moto huivunja protini, rangi ikafunguka. Nyama ikigeuka kutoka hali ya kioo ikawa nyeupe, imeiva; dakika za ziada huikaza tu.

Jambo moja lisichukuliwe kwa wepesi. Watu wengine hudhurika kwa tropomiosini, protini ya msuli wa kamba isiyoharibiwa na moto. Protini inayokaribiana nayo imo katika kaa, mende na utitiri wa vumbi la nyumbani. Mtu wa bara anayeonja kamba kwa mara ya kwanza aanze na kipande kidogo, na akiwashwa mdomo, akivimba midomo au akibanwa pumzi, apelekwe hospitali bila kungoja.

Kaa wa mto

Darasa lisilopata kamba wala uduvi lina ndugu yake karibu. Kaa wa jenasi ya Potamonautes huishi katika vijito na mito ya nyanda za juu kusini, chini ya mawe na katika mashimo ya kingo. Ni Decapoda kama kamba, mwenye jozi tano za miguu, ya mbele ikiwa makoleo makubwa. Anayedhani kaa hana mkia amgeuze: mkia upo, umekunjwa chini ya kifua, mwembamba kwa dume na mpana kwa jike, ambaye huutumia kama kikapu cha mayai. Tofauti na kamba wa baharini, hana lava anayeelea. Yai lake huanguliwa kijikaa kamili, na ndiyo sababu ameweza kuishi maisha yake yote mlimani bila kuiona bahari. Mkia ukinyooshwa na bamba la mgongoni likafikiriwa limerefushwa, mchoro wa kamba hutokea mbele ya macho, pingili kwa pingili.

Kaa hahitaji kuuawa kwa somo hili. Hushikwa kwa vidole viwili nyuma ya bamba, huwekwa katika ndoo yenye maji kidogo ya kijito chake, huchorwa, viungo vyake huhesabiwa, na hurudishwa siku hiyohiyo chini ya jiwe alikotolewa.